Dira ya shaba ya pointi 32: uzoefu wangu

Dira hii imekuwa ikitumika katika mashua ya ndugu yangu tangu kaskazi iliyopita, tukivuka baina ya Unguja na Bagamoyo, na maoni haya nawaandikia wanaotaka kuifanyia kazi, si kupambia sebule. Ni nakala ya dira kavu ya merikebu za karne ya 18: kadi ya duara iliyobandikwa juu ya sindano ya sumaku huzunguka kwenye ncha kali ndani ya bakuli la shaba, na bakuli lenyewe linaning'inia katika pete mbili ili libaki sawa hata chombo kinapolala upande. Pete hizo zimetengenezwa kwa ustadi. Wimbi la ubavuni linapoipiga mashua, bakuli huyumba kidogo na kurudi mahali pake, ingawa kadi huchelewa kutulia kuliko ile ya dira ya kisasa inayoelea katika kimiminika.

Kadi haikuandikwa nyuzi 360. Ina pointi 32, kila moja nyuzi 11 na robo, na kaskazini imepambwa kwa ua la yungiyungi. Wapo watakaoona kwamba mgawanyo huo ni mpana mno, lakini mshika usukani wa chombo cha tanga hawezi kushikilia uzi mmoja katika bahari yenye mawimbi. Anachoweza ni kuiweka ncha ya pointi mkabala na mstari mweusi uliochorwa ndani ya bakuli upande wa omo, na ncha hiyo huonekana hata kwa mwanga hafifu wa alfajiri. Kutoka Unguja Mjini hadi Bagamoyo uelekeo ni karibu kusini-magharibi kamili, umbali wa takriban maili 24 za bahari, na mtu akipotoka pointi nzima njia yote atafika karibu maili 5 kando ya alikokusudia. Kwa hiyo mabaharia waligawa kila pointi kwa nusu na robo, na robo hizo zimechorwa hapa vizuri, kwa wino usiofifia.

Kasoro kubwa ni kwamba kadi imesawazishwa kwa ajili ya nchi za kaskazini ya dunia. Huko nguvu ya sumaku ya dunia huivuta chini ncha ya kaskazini ya sindano, basi mtengenezaji huongeza uzito kidogo upande wa kusini. Kwetu mvuto huo umegeuka, na uzito ule unazidisha tatizo, hivyo kadi yangu ilifika imeinama kusini hata ukingo wake ukagusa bakuli. Niliondoa kioo, nikabandika tone la nta chini ya upande wa kaskazini, ikakaa sawa. Jambo la pili halisameheki: bawaba za sanduku zimefungwa kwa skrubu za chuma. Kifuniko kikifunguliwa taratibu, utaiona kadi ikijongea karibu robo pointi. Nimeziondoa na kutia za shaba.

Kijitabu kilichomo sandukuni kinasimulia merikebu za Ulaya peke yake, na kwa mnunuzi wa pwani hii hilo ni pungufu, maana manahodha wa Bahari ya Hindi walikuwa na mzunguko wao wa pointi 32, ambao nahodha Mwarabu Ahmad ibn Majid aliueleza katika karne ya 15. Jaa, yaani Nyota ya Kaskazini, ilikuwa kaskazini, ncha ya pili ya mbingu kusini, na nyota 15, Kilimia na Suheli zikiwemo, zilitoa pointi kwa kuchomoza kwake upande wa mashariki na kwa kutua kwake upande wa magharibi. Nyota zenyewe hazikupangika sawasawa hivyo: Kilimia huchomoza zaidi ya nyuzi 20 kaskazini ya mashariki kamili, ilhali imepewa pointi ya kwanza tu kutoka mashariki. Isitoshe, Jaa haionekani kabisa kutoka Unguja, kwa kuwa tuko kusini ya ikweta. Ukurasa mmoja juu ya hayo usingemgharimu mtengenezaji chochote.

Bei yake inazidi ya dira ya kawaida ya plastiki, ambayo kwa usalama bado tunaibeba. Anayeagiza aulize kwanza kama kadi inaweza kusawazishwa kwa latitudo za kusini, na kama kioo kinafunguka bila kuvunja gundi, kwa sababu nasikia matoleo mengine yamezibwa moja kwa moja.