Uzoefu wangu na dawa za Kichina kwa pumu ya mtoto: inayofungua kifua siku hiyohiyo ndiyo ya kuogopa

Wazazi wenzangu, nianze na vipimo ili mjue maoni haya yamesimama juu ya nini. Mtoto ana miaka 7 na kilo 21, na anavuta beklometasoni, dawa ya inhela ya kuzuia pumu, asubuhi na jioni kwa kutumia spesa, yaani chombo kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Tulipima aina tatu za dawa za Kichina zinazouzwa hapa Dodoma: chembechembe za paketi, mchanganyiko mkavu wa kuchemsha, na plasta za mgongoni. Muda ni kuanzia Julai hadi Septemba, msimu wa baridi na upepo wa vumbi, ambao ndio unaowabana watoto wengi wa huku. Beklometasoni haikusimamishwa hata siku moja, na daktari wa kliniki alioneshwa kila paketi kabla haijafunguliwa.

Kipimo kilikuwa mita ya pumzi, siyo macho. Mtoto anasimama wima, anavuta pumzi hadi mwisho, anapuliza kwa nguvu mara moja. Anarudia mara tatu na inaandikwa namba kubwa kuliko zote. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa wiki mbili kabla ya kuanza dawa mpya, upate kiwango chake bora. Baadaye ikishuka chini ya asilimia 80 ya kiwango hicho, kuna jambo. Ikishuka chini ya 50, hiyo ni dharura. Bila daftari hili utaisifu dawa kwa sababu tu vumbi limetulia wiki hiyo.

Chembechembe za paketi ndizo rahisi kuliko zote. Zinakorogwa kwenye nusu kikombe cha maji ya moto, mtoto anakunywa vuguvugu. Uzuri wake ni lebo: kila mmea umetajwa na kipimo chake kimeandikwa. Makohozi yalilainika na kikohozi cha alfajiri kilipungua kidogo, ila namba za mita hazikuhama. Kwangu hilo ndilo jibu: zinasaidia kero ya kifua, hazitibu uvimbe wa njia za hewa. Nyota 3 kati ya 5, tena kwa masharti kwamba hazina ma huang, nitakayoieleza hapa chini.

Mchanganyiko wa kuchemsha una kazi na una mitego. Unaouzwa sana una vitu vinne: ma huang, xing ren, shi gao na gan cao. Unaloweka kwa maji baridi dakika 30, maji yapite juu ya dawa kwa vidole viwili. Shi gao inatangulia jikoni dakika 20 hadi 30 kwa sababu ni jiwe, haitoi kitu haraka. Ma huang nayo huchemshwa mapema na povu lake linaenguliwa. Vilivyobaki vinafuata kwa dakika kama 20, unachuja, unachemsha makapi mara ya pili, unachanganya maji ya mikupuo yote miwili na kuyagawa. Tumia chungu, sufuria ya chuma cha pua au ya enameli. Sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu, na waganga wa Kichina wenyewe wanazikataza. Kilichobaki kikae kwenye friji, kisipite saa 24.

Kosa kubwa ninaloliona ni kuchemshia dawa ya pumu kwenye jiko la mkaa ndani ya nyumba anamolala mgonjwa. Saa nzima ya moshi inambana mtoto kuliko dawa hiyo itakavyomfungua. Chemsha kwa gesi, au toa jiko nje kabisa, upande upepo unakoelekea.

Shi gao ni jasi, ukoo mmoja na ile inayochimbwa Itigi. Isikupe wazo la kusaga jiwe la kiwandani, kwani halijasafishwa kwa kunywewa. Xing ren ni kokwa za aprikoti, zinafanana na lozi, na mtoto akizitafuna mbichi zinatoa sayanidi tumboni. Zifungie juu. Gan cao ni mzizi wa urukususu, mtamu, na wengi wanauona hauna neno. Ukitumika kwa wingi na kwa muda mrefu unapandisha presha na kushusha potasiamu mwilini. Salbutamoli, ile inhela ya kufungua kifua haraka, nayo inashusha potasiamu, na prednisoloni, steroidi ya kunywa ya kutuliza uvimbe, vilevile. Mtoto aliyetoka wodini na prednisoloni asipewe.

Sasa ma huang. Ndani yake mna efedrini, ambayo Nagai Nagayoshi wa Japani aliitenga mwaka 1885, na ndiyo iliyokuja kuwa kidonge cha pumu kwa miaka mingi. Kwa hiyo wanaosema mmea huu unafungua kifua hawadanganyi. Shida ni moyo: unakwenda mbio, mikono inatetemeka, mtoto halali. Ukichanganya na salbutamoli mapigo yanapanda zaidi. Nyumba yenye vidonge vya zamani kama Franol, ambavyo vina efedrini na theofilini (dawa nyingine ya pumu), inampa mtoto kitu kilekile mara mbili bila kujua. Tena mimea haina kipimo sawa, fungu moja lina efedrini nyingi na jingine kidogo. Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye efedra, yaani ma huang hiyohiyo, mwaka 2004. Daktari wetu alikataa ma huang na mimi nakubaliana naye, kwa hiyo tulipima mchanganyiko ulioondolewa kitu hicho. Nyota 2: kazi ni nyingi, tofauti na paketi sikuiona.

Plasta za mgongoni hubandikwa siku za joto kali, ambazo kwa kalenda ya China ni katikati ya Julai hadi Agosti. Hapa kwetu Julai ndiyo tunavaa masweta, joto ni Oktoba na Novemba, na wauzaji wanafuata kalenda ya China bila kugeuza. Ndani mna mbegu za haradali nyeupe na tangawizi, kwa hiyo ngozi inawaka na inaweza kutoa malengelenge. Nyingi zina pia xi xin, mmea wa jamii yenye asidi ya aristoloki inayoharibu figo. Tulitoa ya kwanza baada ya nusu saa kwa wekundu. Nyota 1.

Wauzaji hupenda kusema dawa imethibitishwa. Muulize ipi, kwa nani. Mchanganyiko uliopimwa vizuri unaitwa ASHMI: uyoga wa ling zhi, mzizi wa ku shen na gan cao. Mwaka 2005 yalichapishwa majibu ya jaribio lake kwa watu 91 nchini China, wakilinganishwa na prednisoni kwa wiki 4. Pumzi zilipanda pande zote mbili, prednisoni ikiwa mbele kidogo. Wote walikuwa watu wazima. Na kilichomo kwenye kopo la dukani si lazima kiwe hicho.

Nije kwenye vidonge na unga visivyo na lebo, vinavyouzwa kwenye vifuko vya nailoni kwa jina la dawa ya Kichina ya pumu. Hivi sikuvipa mtoto. Dawa za namna hii zimepimwa maabara katika nchi mbalimbali na kukutwa na steroidi kama deksamethasoni na prednisoloni, au theofilini, iliyosagiwa ndani. Ndiyo maana mtoto anapona siku hiyohiyo. Mzazi anafurahi, anatupa inhela. Wiki chache baadaye uso unakuwa mviringo, hamu ya kula inazidi, uzito unapanda kwa haraka. Kifuko kikiisha, pumu inarudi kwa kishindo. Zaidi ya hapo, mwili uliozoea steroidi ya nje umeacha kutengeneza ya kwake, hivyo mtoto analegea, anatapika, anaweza kuzimia. Kama umeshampa kwa wiki kadhaa, usiikatishe ghafla nyumbani. Nenda hospitali na kifuko chenyewe mkononi, waipunguze wao taratibu. Dawa yenye namba ya usajili ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania) au ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala unaweza kuifuatilia. Ya kifuko huwezi.

Kuhusu fedha: paketi za mwezi mmoja zilitugharimu zaidi ya inhela ya beklometasoni na ya salbutamoli kwa pamoja. Kama mfuko unaruhusu kimoja, ni inhela. Na spesa haihitaji kununuliwa: utafiti wa Cape Town wa mwaka 1999 ulionesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyozibwa vizuri pale inhela inapoingia, inafanya kazi sawa na ya dukani. Toboa kitako cha chupa kwa waya wa moto wenye umbo la mdomo wa inhela, ziba kingo, mtoto aweke midomo kwenye shingo. Ioshe kwa sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe bila kuifuta, maana kufuta kunaifanya inase dawa ukutani. Tikisa inhela, bonyeza mara moja, mtoto apumue mara tano au sita, ndipo ubonyeze tena. Baada ya beklometasoni asukutue na kutema.

Mbavu zikiingia ndani, akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, au kifua kikinyamaza ghafla huku anahangaika, weka pembeni kila kitu cha kuchemsha. Mpe salbutamoli mibonyezo 4 hadi 6 kwa spesa, mmoja mmoja, rudia baada ya dakika 20, na yote hayo yafanyike mkiwa tayari njiani kwenda hospitali.