Pikipiki za Matairi Manne na Bahari ya Mnemba: Uchambuzi wa Ziara ya Siku Moja

Habari za wakati huu, watazamaji wangu. Leo ninachambua ziara ya siku moja inayouzwa sana kaskazini mwa Unguja, ile inayokusanya mambo matatu kwa malipo mamoja: kuendesha pikipiki ya matairi manne kwenye njia za vumbi na mawe, kusnokeli, yaani kuelea majini kwa miwani na bomba la kupumulia, kwenye matumbawe ya kisiwa cha Mnemba, na kuogelea kwenye fungu la mchanga linalojitokeza maji yanapopwa. Nilikwenda na mama yangu mdogo pamoja na binamu zangu wawili, tukalipa wenyewe shilingi 280,000 kwa kila mtu. Kampuni iliyotuhudumia sitaitaja, na haikunipa punguzo lolote kwa ajili ya video hii.

Nianze na maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo, yaani “kisiwa binafsi”, kwa sababu hayo ndiyo yanayowavunja watu moyo kabla hata hawajalowa. Ni kweli kwamba Mnemba ni kisiwa cha binafsi kimatumizi, kwani kimekodishwa kwa hoteli moja ya kifahari, na asiye mgeni wa hoteli hiyo haruhusiwi kuukanyaga ufuo wake. Kiko kilomita 4 hivi kutoka pwani ya Muyuni na Matemwe, nacho ni kidogo kiasi kwamba mtu angeweza kukizunguka kwa miguu kabla chai yake haijapoa sana. Ndani ya msitu wake walipelekwa paa nunga, wale paa wadogo walioadimika, na kwenye mchanga wake kasa uziwa hupanda usiku kutaga mayai. Ziara hii haikupeleki huko. Inakupeleka kwenye mwamba unaokizunguka kisiwa, ambao ni sehemu ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2002, na kwa kuingia katika maji hayo unalipa ada ya hifadhi. Sisi tulidhani ada hiyo imo ndani ya bei, kumbe haimo, tukadaiwa fedha taslimu tukiwa tumeshasimama ufukweni na mifuko yetu mikononi. Kwa hiyo, unapozungumza na muuzaji, mtake akutajie kwa maandishi kama ada ya hifadhi, chakula, maji ya kunywa na usafiri wa gari vimo ndani ya bei, na kama picha ya ufuo mweupe aliyoiweka ni ya kisiwa chenyewe au ni ya fungu la mchanga, maana hizo ni sehemu mbili tofauti kabisa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama siku hii itakuwa njema au itakuwa ya mateso, nalo ni kupwa na kujaa kwa maji. Pwani ya mashariki ya Unguja ina maji mafupi ndani ya mwamba, na siku za bamvua tofauti kati ya maji makuu na maji madogo hufikia karibu mita 4, kiasi kwamba boti iliyokuwa inaelea alfajiri unaikuta imelalia ubavu juu ya mchanga mkavu saa nne asubuhi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ndiyo maana wavuvi wa huku hawahitaji kitabu chochote cha majira ya maji, kwani wakijua tarehe ya mwezi wa Kiislamu wanajua bahari itakuwa wapi saa ngapi. Siku hizo maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa kwenye saa kumi alasiri. Kila siku majira hayo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, mpaka baada ya wiki moja, wakati wa maji mafu, mambo yanakuwa kinyume: maji hujaa katikati ya asubuhi, lakini hayapandi sana wala hayashuki sana.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ratiba ya ziara yetu haikulijali. Kampuni ilikuwa na mpango mmoja kwa siku zote za mwaka, yaani pikipiki saa mbili asubuhi na boti saa tano kasorobo, nasi tulikuwa katikati ya bamvua. Kwa saa hiyo tungelazimika kutembea umbali mrefu juu ya mchanga, mwani na wale viumbe weusi wenye miiba mirefu ili kuifikia boti, na tungekuta maji juu ya matumbawe ni machache mno, hivyo kila mpiga mbizi mgeni angekuwa anayapiga kwa magoti na mapezi yake ya plastiki. Jioni ya siku iliyotangulia nilimfuata nahodha mwenyewe ufukweni, nikamwamkia na kumuuliza angeipanga vipi siku hiyo kama uamuzi ungekuwa wake. Alijibu bila kufikiri mara mbili: “Njooni saa moja kamili. Pikipiki ziko nchi kavu, hazina kupwa wala kujaa.” Ofisi ilikubali kubadilisha baada ya mazungumzo marefu, na mnayoyaona kwenye picha hizi yote yametokana na mabadiliko hayo.

Saa moja na nusu tulikuwa upande wa kisiwa usio na upepo, na maji yalikuwa yangali na kina cha kutosha. Hapa ndipo fedha yako inapofanya kazi yake hasa. Mwamba unashuka taratibu, na juu ya matumbawe unawakuta kangaja wa rangi ya buluu wakienda kwa makundi, samaki vipepeo wa manjano wakitembea wawili wawili, na pono wakiguguna mwamba kwa meno yao, sauti ambayo unaisikia waziwazi masikio yako yakiwa ndani ya maji. Huyo pono anayeguguna ndiye anayesaidia kuutengeneza mchanga mweupe tunaousifu, kwa kuwa anakula mwani uliojishika kwenye jiwe, anaumeza pamoja na vipande vya jiwe lenyewe, kisha anautoa mchanga. Mkondo ulikuwa na nguvu, kwa sababu maji yalikuwa katikati ya safari yake ya kutoka, hivyo nahodha alituacha tupelekwe na mkondo huku boti ikitufuata nyuma. Huo ndio utaratibu ninaoupendekeza, kuliko ule wa kutia nanga mahali pamoja na kuwaacha watu wapambane na maji.

Mama yangu mdogo hajui kuogelea. Ameuza samaki katika soko la Feri pale Dar es Salaam kwa miaka mingi, anamjua kila samaki kwa jina, kwa ladha na kwa bei yake ya msimu, lakini hakuwa amewahi kumwona hata mmoja akiwa hai baharini. Mwongozaji, kijana wa Matemwe, alimvalisha jaketi la kujiokolea, akaukaza mkanda wake, akamshikisha boya la duara lenye kamba, kisha akamwambia, “Shikamoo mama. Vuta pumzi kwa mdomo tu, pua iache ipumzike.” Mama mdogo akamjibu, “Marahaba mwanangu. Na nikizama?” Kijana akamwonyesha kamba aliyokuwa ameizungusha kwenye mkono wake. Kwa muda wa nusu saa alimvuta polepole juu ya mwamba, nasi tukawa tunamsikia akitaja majina ndani ya bomba la kupumulia, sauti ikitoka kama ya mtu anayesema kutoka kisimani: pono, changu, mkundaji, chewa. Alipopanda kwenye boti alikaa kimya kwa muda mrefu huku amelikumbatia lile boya lake, na macho yake yalikuwa mekundu. Sitaki kuisingizia chumvi ya bahari. Watazamaji wengi wa Afrika Mashariki huniandikia kwamba hawawezi kwenda ziara za baharini kwa kuwa hawajui kuogelea, nami nawajibu kwamba inawezekana, mradi kuwe na mwongozaji mmoja kwa mtu mmoja asiyejua kuogelea, na jambo hilo lipangwe kabla ya kulipa, si mkiwa majini tayari.

Vifaa vya majini havikunipendeza sana. Miwani miwili kati ya minne ilikuwa ikivuja kwa sababu mpira wake ulikuwa umekakamaa kwa jua, na mapezi yalikuwa ya ukubwa wa aina mbili tu. Ukiwa na miwani yako mwenyewe, ichukue. Badala ya kujipaka mafuta mengi ya kukinga jua, ambayo mengine yana kemikali zinazodhuru matumbawe, vaa fulana ya mikono mirefu inayobana mwili, na akina dada wanaoogelea kwa vazi la stara watakuwa na faida ya ziada hapo, kwa kuwa mgongo wa anayesnokeli ndio unaoungua kuliko sehemu nyingine yoyote.

Kuna mambo mawili niliyoyaona kwenye mwamba ambayo yameniumiza. La kwanza ni boti za jirani kurusha vipande vya mkate majini ili samaki wajikusanye kwa ajili ya picha, na la pili ni watu kusimama juu ya matumbawe ili kurekebisha miwani yao. Matumbawe ya Zanzibar yalipata pigo kubwa mwaka 1998, maji ya bahari yalipopata joto kupita kiasi na matumbawe mengi yakapauka na kufa, na tumbawe linalokua kwa sentimita chache tu kwa mwaka linavunjwa na unyayo mmoja kwa nukta moja. Vivyo hivyo kwa pomboo: walipojitokeza, boti kadhaa zilianza kuwafukuza kwa mwendo wa kasi na watu wakarushwa mbele yao. Tulimwomba nahodha wetu azime injini na tukae mbali, naye alikubali kwa furaha, na pomboo wawili wakapita karibu nasi kwa hiari yao.

Fungu la mchanga lilianza kuonekana saa tatu, kwanza kama doa la rangi ya maziwa chini ya maji, na kufikia saa nne lilikuwa kavu kabisa, watu wakila mananasi na tikiti maji juu yake. Maji ya pembeni yake ni safi, hayazidi kifua, na watoto wataogelea vizuri wakisimamiwa, ila kwenye ncha mkondo huvuta, kwa hiyo kaeni katikati. Hakuna kivuli hata kidogo. Wale mtakaokwenda siku za maji mafu mjue kwamba huenda fungu lisijitokeze vizuri, na muuzaji mwaminifu atawaambia hivyo mapema.

Tuliporudi maji yalikuwa bado madogo, tukashuka mbali kidogo na ufuo na kutembea huku maji yakitufika magotini, tukiwa tumevaa viatu vya mpira ambavyo nawasihi msiviache nyumbani. Tukala wali wa nazi na samaki wa kuchoma, tukapumzika, tukaswali adhuhuri, na saa tisa na nusu tukakabidhiwa pikipiki.

Pikipiki hizi hazina klachi, hivyo hata asiyewahi kuendesha anajifunza kwa dakika chache, lakini uzito wake ni mkubwa na zikimpindukia mtu zinaweza kumvunja. Njia inapita kwenye mashamba ya mihogo na vichaka vya maweni, ambako jiwe la kale la matumbawe limetokeza juu ya ardhi kwa makali ya kisu. Mwendo wetu ulikuwa wa kiasi, nami niliufurahia mwili unavyotikisika kwenye mashimo na harufu ya ardhi kavu, ingawa sitawadanganya kwamba sehemu hii inafikia hata nusu ya utamu wa ile ya baharini. Helmeti mbili zilikuwa na vifungo vilivyokatika, tukazikataa, na ikatuchukua dakika 40 kusubiri nyingine. Subirini. Vaeni suruali ndefu, kwa sababu ya bomba la moshi linalounguza shavu la mguu na kwa sababu njia inaingia vijijini, ambako watu wanastahili kumwona mgeni aliyefunika mabega na magoti. Tulizima injini tulipokaribia msikiti wakati wa alasiri. Mwishoni mwongozaji wa pikipiki alitaka tumalizie kwa kukimbia ufukweni kwa ajili ya video, nikakataa, kwani huko ndiko akina mama wanakotembea na mizigo yao ya mwani, na mchanga huohuo ndio kasa wanaoutafuta.

Kuhusu majira, upepo wa kaskazi wa Desemba hadi Februari kwa kawaida huiacha bahari ikiwa tulivu kuliko upepo wa kusi wa katikati ya mwaka, ambao huleta mawimbi yanayoirusha boti, na masika ya Machi hadi Mei hugeuza njia za pikipiki kuwa matope. Wenye matatizo ya mgongo na wajawazito waiache sehemu ya pikipiki, na waombe bei ipunguzwe. Wageni kutoka nje ya Tanzania wanatakiwa tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kununua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44 wanapoingia visiwani. Ulizeni kama inahusu pia ajali ya pikipiki ya matairi manne.

Je, ningelipa tena shilingi 280,000? Kwa bahari na fungu la mchanga peke yake, ndiyo, na kwa bei hiyo ningetaka miwani isiyovuja. Mama mdogo ameshatazama kalenda ya ukutani kutafuta bamvua nyingine. Safari hii anataka kuja na wenzake wawili wa sokoni, na pikipiki, amesema, waachiwe vijana.