TAHADHARI: "Pembe za Paris za miaka ya 1300" zinazouzwa mtandaoni

Kuna muuzaji anazungusha vibao pacha vya pembe za ndovu, Mateso ya Yesu upande huu, Bikira Maria na Mtoto upande wa pili, akidai ni kazi ya mafundi wa Paris. Picha zake ni nzuri mno, na si ajabu: ni za makumbusho. Kabla hujatuma hata senti, itafute picha kwa Google, kisha pekua hifadhidata ya pembe za Kigothiki (mtindo wa Ulaya ya enzi za kati) ya Courtauld, taasisi ya sanaa ya London, ina vipande zaidi ya 5,000. Ukikikuta kibao "chako" kiko Louvre, makumbusho ya Paris, umeshajibiwa.

Akikuletea picha alizopiga mwenyewe, mwambie apige kingo za juu na chini. Hapo ndipo anapokwama. Kibao hupasuliwa kwa urefu wa pembe, kwa hiyo usoni huonekana mistari ya kwenda sambamba tu, na hiyo hata resini, plastiki ya kumiminwa, hutiwa. Ni kwenye kingo hizo ambako pembe ya ndovu huonyesha mistari ya Schreger, inayopishana kama ukili wa mkeka. Ile ya karibu na ganda la nje hukutana kwa pembe ya digrii zaidi ya 115. Ikiwa chini ya 90, hiyo ni mamathi, jamii ya ndovu waliotoweka zamani. Vitundu vyeusi vidogovidogo ni mfupa. Ukiona vipovu ndani ya mikunjo ya nguo, ni resini iliyomiminwa kwenye kalibu.

Uzito usikutulize. Kibao cha sentimita 12 kwa 7, unene milimita 8, kina gramu 120 hivi kabla ya kuchongwa, na resini yenye unga wa mawe hufika hapohapo. Taa ya kukagulia noti bandia husaidia zaidi: pembe hung'aa nyeupe yenye samawati, plastiki nyingi hufifia. Sindano ya moto usiiguse kabisa. Pembe halisi itabaki na kovu, na seluloidi, plastiki ya zamani, itawaka mkononi mwako.

Tazama pia miguu ya Yesu msalabani. Paris ya karne ya 14 huipishanisha na kuipigilia msumari mmoja. Miguu ikiwa kando kando, kila mmoja na msumari wake, uliza maswali. Na rangi ya kahawia iliyojaa sawasawa kila shimo ni ya kupakwa: kitu kilichoshikwa miaka 600 huchakaa puani na magotini, na mabaki ya dhahabu hujificha mashimoni.

Cheti cha kupima umri kwa kaboni nacho anacho. Hata kikiwa cha kweli, kinaonyesha ndovu alikufa lini, si nani alichonga wala lini.

Siku hizi anadai pia "ada ya kibali cha CITES", mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kibali hutolewa na mamlaka ya serikali, hakiuzwi na muuzaji. Na pembe ikiwa halisi, ukiiingiza Kenya au Tanzania bila kibali, atakayeshikwa uwanja wa ndege ni wewe. Waliokwisha kulipa kwa kadi wapigie benki leo, na msifute ujumbe wake hata mmoja.