Laptopu ya skrini kubwa ya kukaa mezani: anza na betri

Malalamiko yanayonifikia yanafanana. Mtu ameuza kompyuta yake ya mezani, amenunua laptopu ya inchi 17 pale Moi Avenue jijini Nairobi, ameiweka nyumbani mtaa wa Umoja au Kasarani na chaja haitoki ukutani usiku na mchana. Muda si mrefu kibao cha kugusa kinakataa kubonyea. Kisha kibodi inainuka katikati na kifuniko hakifungi sawasawa. Fundi akiifungua, anakuta betri imeumuka kama andazi.

Hilo ndilo nitakaloling'ang'ania hapa, kwa sababu wauzaji hawalitaji. RAM, SSD na kizazi cha prosesa utatajiwa kabla hujavuka mlango. Betri ya lithiamu inadhuriwa na mambo mawili: kukaa imejaa asilimia 100 muda wote, na joto. Laptopu ya kukaa mezani inayapata yote mawili kila siku. Kuitoa betri nako si dawa, maana stima ya Nairobi inapotea bila hodi na betri hiyo ndiyo UPS yako, yaani akiba ya umeme. Kinachotakiwa ni mashine inayokubali kuwekewa kikomo cha kuchaji, iishie 80 au hata 60.

Ndiyo maana naanza na ThinkPad, na sifichi kwamba naipendelea. Kwenye programu ya Lenovo Vantage unapanga mwenyewe betri ianze kuchaji ikishuka hadi ngapi na iache ikifika ngapi, na inatii. Katika mali ya ex-UK, yaani mitumba kutoka Uingereza, tafuta P72 ya 2018 au P73 ya 2019: skrini ya inchi 17.3, betri ya wati-saa 99, nafasi nne za RAM, na mfuniko wa chini unaofunguka kwa bisibisi ya kawaida, kwa hiyo fundi wa barabara ya Luthuli hahangaiki kubadilisha betri. Ina zaidi ya kilo 3, lakini hii hupandi nayo matatu. P70 na P71 ziache hata bei ikishuka vipi. Windows 11 haizikubali rasmi, na Windows 10 Microsoft iliacha kuihudumia Oktoba 2025.

Ukitaka mpya kabisa, chukua ThinkPad T16. Wengi wanaikimbia kwa sababu ya hiyo 16, na wanakosea. Skrini yake ni ya uwiano wa 16:10. Ukiweka rula, kimo chake ni kama sentimita 21.5, sawa na kimo cha inchi 17.3 ya 16:9. Unachopoteza ni upana. Mtu anayeandika ripoti au kujaza safu za Excel anahitaji kimo.

Ya pili ni Dell Precision 7730, au 7740 ukiipata. Kikomo unakiweka kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka, na hapo ndipo penye mtego. Mali nyingi ya ex-UK ilikuwa ya makampuni, na mashine nyingine hufika na neno-siri la BIOS ambalo hata mwenye duka halijui. Kabla hujatoa hela mwambie anayekuhudumia, "Kaka, izime, uiwashe, ubonyeze F2 nione." Kwa HP ni F10, kwa ThinkPad F1. Ikidai neno-siri, aga uende zako.

Ya tatu, HP ZBook 17 G5. Ni imara, skrini nzuri, ila BIOS yake inakupa kikomo cha 80 tu, huchagui mwenyewe.

Zile za bei ya chini, za plastiki, zenye skrini ya inchi 17.3 na pikseli 1600 kwa 900, sina mengi ya kusema. Maandishi yake yanachosha macho. Kama bajeti ndiyo hiyo, nunua ya inchi 15 iliyo safi na monita ya mtumba.

Ukiwa dukani, ilaze mashine juu ya kioo cha kaunta na ubonyeze pembe moja moja kwa kidole. Ikiyumba, chunguza chini kama kumevimba. Kisha fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, ufungue faili itakayotokea na ulinganishe Design Capacity (uwezo wa betri ilipokuwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wake wa sasa). Ya pili ikiwa imeanguka sana chini ya ya kwanza, bei nayo ishuke kwa gharama ya betri mpya.

Lakini linaloniudhi zaidi ni chaja. P72 ilitengenezwa itumie chaja ya wati 170 au 230. Unalipa, unafika nyumbani, unakuta umefungiwa ya wati 90, mashine inajikokota na kukuonya kila ikiwaka. Ukirudi, ile yenyewe inauzwa kando! Huo ni wizi. Na hizi "bei njoo inbox" zinanichosha: mashine ile ile, ghorofa ya kwanza bei moja, ya tatu nyingine, na hakuna iliyoandikwa popote. Ukidai risiti ya eTIMS, ile ya mamlaka ya ushuru KRA, unaambiwa uongeze VAT, asilimia 16, kana kwamba bei mliyokubaliana haikuwa bei. Usikubali. Dai risiti iandikwe namba ya mashine, wati za chaja, na neno betri ndani ya waranti, kwa sababu waranti nyingi za mtaani zinaitaja laptopu na kuiacha betri nje.