Gari la Mnadani Japani: Uliza Uvungu Kwanza

Gari langu la kwanza kutoka mnada wa Japani lilikuwa la daraja la 4, yaani alama ya hali ya gari kwa jumla anayoitoa mkaguzi wa mnada, lenye kilomita chache na viti visivyo na doa, nami nikajiona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Siku ya tatu baada ya kulitoa bandarini, fundi wa Gerezani alilala chini yake, akagusa chesisi kwa bisibisi, na bisibisi ikazama kama inachoma muhogo uliochemka. Tangu hapo, habari za kilomita na rangi namwachia mnunuzi azipime mwenyewe; mimi nauliza uvungu.

Karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari, haimfichi anayejua kuisoma. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni bodi iliyonyooshwa, S ni kutu, na C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Hata hivyo, mchoro huo huonyesha zaidi bodi, kwa hiyo kutu ya uvunguni mara nyingi huandikwa kwa Kijapani katika maelezo ya mkaguzi. Tafuta herufi hizi mbili: サビ. Husomwa “sabi”, yaani kutu. Hokkaido na mikoa mingine ya theluji humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na gari lililozeekea huko linaweza kupelekwa kuuzwa Tokyo au Nagoya, hivyo jina la mnada pekee lisikutulize.

Chaguo langu la kwanza ni Toyota Probox au IST yenye injini ya 1NZ-FE, daraja la 3.5 au 4, lililotumika mikoa ya kusini kama Kyushu, bila S wala C. Sioni haya kuipendelea Toyota: injini hiyo ya cc 1496 hutumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na hakuna fundi wa mtaani asiyeijua. La pili, ambalo wengi hulikimbia, ni Toyota hiyohiyo ya daraja la RA, yaani iliyogongwa kidogo ikatengenezwa, kwa kuwa ajali ndogo iliyotengenezwa vizuri haiendelei kulila gari kama kutu. La tatu ni Honda Fit au Mazda Demio yenye uvungu safi.

Ya bei ya chee yenye kutu nayaweka mwisho. TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, hukadiria kodi kwa thamani iliyomo katika mfumo wake, kisha huja ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18 na tozo nyingine. Kutu haikupunguzii hata shilingi.

Kwa kuwa minada hiyo ni ya wanachama tu, utalazimika kupitia kwa wakala, na hapo ndipo donda langu lilipo. Wangu alinitoza ada ya tafsiri, akanitumia karatasi iliyochapwa upya bila safu ya maelezo ya mkaguzi, na nilipohoji akanijibu, “Mama, daraja la nne ni la nne.” Dai karatasi halisi na picha za uvunguni kabla ya kulipa, na ukiona uvungu umepuliziwa rangi nyeusi mbichi, achana nalo. Mimi nilitumiwa picha nane: saba za nje, na moja ya kishikio cha kikombe.