Fremu ya dukani au ya seremala? Nimeweka tatu mezani

Habari zenu. Hapa mezani nina fremu tatu na michoro yangu mwenyewe, na kitu nitakachokiangalia kuliko vyote ni hewa. Wauzaji watakuonyesha rangi na nakshi, lakini sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja unyevu tunalala nao. Fremu isiyopumua itakuharibia kazi hata ikiwa nzuri vipi.

Ya kwanza ni hii ya dukani, 30 kwa 40. Ngoja niisogeze. Mnaona? Hii si mbao, ni unga wa mbao ulioshindiliwa, juu yake imebandikwa karatasi yenye michirizi ya mbao, na kwenye pembe imeshaanza kubanduka. Halafu kuna vipimo. Wengi tunachora kwenye A3, na A3 ni sentimita 29.7 kwa 42. Sasa zile mbili zilizozidi zinakwenda wapi? Watu wanakata mchoro, tena upande wenye sahihi! Usikate. Nunua 40 kwa 50, weka ndani kadi nene uliyoitoboa dirisha la sentimita 28.7 kwa 41. Dirisha hilo litashika karatasi yako milimita tano kila upande.

Na kadi hiyo msidhani ni urembo tu. Ndiyo inayotenga kioo na rangi. Kioo kikigusa mchoro wa rangi ya maji, unyevu unanasa hapo katikati, ukungu unaota, na siku ukifungua unakuta rangi nyingine imeganda kwenye kioo. Tafuta kadi isiyo na asidi, maana ile ya maboksi huacha kingo za karatasi na rangi ya kahawia. Selotepu nayo kaa nayo mbali, gundi yake hugeuka njano na kupenya hadi mbele. Shikiza mchoro kwa juu tu, vipande viwili vya tepu ya karatasi, chini uachie, kwa sababu karatasi hutanuka na kusinyaa kufuata hali ya hewa.

Ya pili, ya plastiki yenye kioo cha plastiki. Nyepesi, haivunjiki, chumba cha watoto inafaa. Ila inakwaruzika ukiifuta kwa kitambaa kikavu, na inavuta vumbi. Mchoro wa mkaa au chaki usiutie humo, utavutwa unga wake.

Sasa hii ya tatu ndiyo niliyoipenda. Mninga, kazi ya seremala, kwa ajili ya turubai, yaani mchoro wa kwenye kitambaa. Haina kioo kabisa. Turubai inakaa ndani ikiwa imeachiwa upenyo mwembamba kuzunguka pande zote, na imefungwa kwa skrubu kutoka nyuma. Mninga ukikaushwa vizuri haupindi ovyo, na mchwa hawaupendi. Kabla hujalipa, pima kwa mshazari kutoka pembe hadi pembe, kisha zile pembe nyingine mbili. Vipimo visipolingana, mrudishie fundi wetu kwa upole. Na vanishi ikauke hadi harufu iishe.

Mnaochora Tingatinga, ule mtindo wa wanyama wenye rangi kali, kioo cha nini? Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, miaka ya mwisho ya 1960, alipaka rangi za kung'aa kwenye hadibodi. Rangi ile inang'aa yenyewe, ukiongeza kioo mgeni ataona taa ya sebuleni, chui hamwoni.

Kutundika: toboa kwa drili, tia plagi, skrubu. Msumari kwenye tofali la saruji unalegea. Katikati ya mchoro iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Pembe za chini kwa nyuma bandika vipande vya kizibo, hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Ukuta unaopigwa na jua la dirishani uachie kalenda.

Kwa hiyo: turubai, nenda kwa seremala. Karatasi, ya dukani inatosha, mradi uweke kadi yako. Na mlioniuliza kuhusu kutundika bafuni, mchoro wa karatasi hapana, hata ukiwa na fremu ya dhahabu.