Mboji ya gunia la kilo 50, baada ya misimu miwili

Nimetumia mboji hii misimu miwili mfululizo, magunia kumi kila msimu, kwenye robo ekari ya mahindi. Robo ekari ya pili, iliyopakana nayo, nimeiwekea urea, mbolea ya kiwandani, nusu mfuko kila msimu. Mbegu ni ile ile, kupanda siku moja, palizi siku moja. Naandika kwa sababu ubavuni mwa gunia wameandika kwa herufi kubwa kwamba mboji hii italisha dunia bila kemikali, na maneno hayo ndiyo yaliyonifanya ninunue.

Mboji yenyewe ni nzuri. Ukifungua gunia unakutana na harufu ya udongo uliopata mvua ya kwanza. Ni nyeusi, inamung'unyika kiganjani, na ukiibana inashikamana bila kuchuruza maji. Nilizamisha mkono katikati ya gunia hadi kwenye kiwiko, nikakuta ni baridi. Isiyoiva ungeisikia ina vuguvugu. Kati ya magunia 20, moja lilikuwa na vipande vya plastiki, na jingine liliotesha magugu hadi nikalazimika kupalilia tena mistari minne. Lundo lile halikupata joto la kuua mbegu. Mtengenezaji aliangalie hilo.

Kwenye udongo ndiko nilikoona kazi yake. Msimu wa pili mvua ilikatika wiki tatu, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Upande wa urea majani yalikuwa yamejikunja kama sigara kabla hata ya saa nne asubuhi. Upande wa mboji yalibaki wazi mpaka jua la mchana. Nikachimba kwa jembe pande zote mbili, kina cha kiganja: huku vumbi na mabonge magumu, kule udongo una unyevu, na kwenye pigo moja la jembe nikahesabu nyungunyungu saba. Mkulima yeyote anajua maana yake.

Sasa mavuno. Msimu wa kwanza urea ilinipa magunia matano, mboji matatu. Msimu wa pili, ule wa ukame, urea ilishuka hadi manne na mboji ikapanda hadi matatu na nusu. Pengo limepungua, lakini bado lipo, na sababu yake imeandikwa nyuma ya gunia lenyewe kwa herufi ndogo: naitrojeni, yaani kile chakula cha mmea kinachokuza majani na mavuno, asilimia 1.5. Nawashukuru kwa kuiandika. Maana yake kila gunia la kilo 50 lina robo tatu ya kilo ya naitrojeni. Mfuko wa urea wa uzito huo huo una kilo 23. Ili kuufikia mfuko mmoja wa urea ningebeba karibu magunia 31 ya mboji, na hata hivyo sehemu kubwa ya naitrojeni ya mboji haitoki msimu huo huo. Inaachiliwa polepole kadiri vijidudu vinavyoimeng'enya.

Sisemi kwamba samadi na mboji haziwezi kuzaa sana. Kule Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, wamejaribu kwenye ngano tangu 1843 katika shamba moja, na kwa miaka mingi sehemu ya samadi ilikaribiana na sehemu ya mbolea za viwandani. Ila wao humwaga tani 35 kwa hekta kila mwaka. Kwa robo ekari yangu hiyo ni kama tani tatu na nusu, yaani magunia 70. Ng'ombe wa kutoa samadi hiyo wanalishwa wapi? Naitrojeni imetoka kwenye malisho ya mahali pengine, ikahamia kwangu. Shamba langu linaponenepa, jingine linakonda.

Hapa ndipo maneno ya ubavuni yananiuma. Kiwanda cha kwanza cha kutoa naitrojeni hewani, kwa njia ya wanakemia Fritz Haber na Carl Bosch, kilianza Ujerumani mwaka 1913, na watafiti wanakadiria kwamba karibu nusu ya watu walio hai leo wanakula kwa sababu ya naitrojeni hiyo. Sri Lanka ilipozuia mbolea za viwandani ghafla mwaka 2021, iliregeza msimamo kabla mwaka haujaisha, na mavuno ya mpunga yaliyofuata yaliporomoka vibaya. Umoja wa Mataifa unakadiria watu milioni 673 walikuwa na njaa mwaka 2024, na wengi wa wenye njaa duniani wako vijijini, wanalima kama mimi. Mtu wa namna hiyo akiyaamini maneno ya gunia, akaacha urea yake yote msimu mmoja, magunia mawili niliyoyakosa mimi kwake ni miezi ya chakula.

Kwa hiyo ninunue tena? Ndiyo, lakini magunia manne, na yote nayapeleka kwenye mashimo ya kupandia pale mteremkoni ambapo maji hayatulii. Nusu ya urea naibakiza kwa kukuzia. Katikati ya mistari naweka kunde, kwa sababu vinundu vya mizizi yake vinavuta naitrojeni hewani bila mimi kubeba chochote. Mabua siyachomi tena.

Kwa mtengenezaji ombi langu ni dogo: ile asilimia 1.5 iletwe mbele, kwa herufi kubwa, na chini yake iandikwe ni magunia mangapi yanahitajika kwa ekari.